Mbwa Wako Ana Akili Kiasi Gani? Kwanza Tuulize Tunapima Nini

Chui ni mbwa wangu, dume la rangi ya kahawia, na kila mgeni anayeingia nyumbani humsifia. Nikimwambia "kaa", anakaa. Nikimwambia "lala", analala. Nikisema "mkono", ananipa mguu wa kulia. "Huyu ana akili kama mtu," wageni husema. Mbwa wa dada yangu, jike anayeitwa Nyota, hasifiwi na yeyote. Ukimwita anageuza sikio moja, kisha anaendelea na yake. Kwa miaka kadhaa familia nzima iliishi na hukumu hiyo bila kuihoji: Chui ana akili, Nyota hana.

Jioni moja nilikuwa nafunga kamba za viatu, nimempa Chui mgongo, nikasema "kaa". Hakukaa. Nikarudia kwa sauti ileile ya siku zote. Nilipotazama nyuma nilimkuta amesimama, ameinamisha kichwa upande mmoja, ananisubiri. Nikamgeukia, nikasema "kaa" mara ya tatu, naye akakaa papo hapo. Ndipo nikajaribu jambo jingine: nilimtazama bila kutoa sauti, nikashusha kidevu kidogo, kama ninavyofanya pasipo kujijua kila ninapompa amri. Akakaa. Neno ambalo sote tuliamini analielewa halikuwa na kazi kubwa. Chui alikuwa anasoma kidevu changu.

Kusoma kidevu cha kiumbe asiye wa jamii yako ni kazi ya akili, tena akili kubwa. Ila si ile tuliyokuwa tunaisifu. Na mkanganyiko wote wa kupima akili ya mbwa unaanzia hapo hapo: tunaona tendo, tunalipa jina, kisha tunasahau kuuliza ni kitu gani hasa kilichomfanya mnyama atende.

Wanasayansi walilijua hili kwa njia ngumu. Mwanzoni mwa karne ya 20 mjini Berlin kulikuwa na farasi aliyeitwa Hans, mali ya mwalimu mmoja, Wilhelm von Osten. Hans alijibu maswali ya hesabu kwa kugonga kwato chini, na umati ulikuja kumshangaa. Mwaka 1904 tume ya wataalamu ilimchunguza isione udanganyifu wowote. Mtafiti Oskar Pfungst ndiye aliyefumbua kitendawili, na matokeo yake yalichapishwa 1907: Hans alipata jibu pale tu ambapo muulizaji mwenyewe alilijua, na ambapo farasi aliweza kumwona. Gonga lilipokaribia idadi sahihi, mwili wa muulizaji ulijikaza. Lilipofika, ulilegea. Von Osten hakumdanganya mtu, hakujua tu kwamba mwili wake unazungumza. Tangu wakati huo, jaribio ambalo mtu anayejua jibu amesimama mbele ya mnyama haliaminiki. Sasa fikiria majaribio tunayowafanyia mbwa wetu nyumbani. Karibu yote ni ya namna hiyo.

Tukija kwenye orodha ya "mbwa wenye akili kuliko wote", ile inayozunguka kila mahali: chanzo chake kikubwa ni kitabu cha mwanasaikolojia wa Kanada, Stanley Coren, kilichotoka 1994. Border Collie anaongoza, anafuata Poodle, kisha German Shepherd, Golden Retriever na Doberman. Mkiani yuko Afghan Hound, na juu yake kidogo ni Basenji, mbwa wa uwindaji kutoka Afrika ya Kati. Watu huinukuu kana kwamba mbwa hao wamefanyishwa mtihani. Haikuwa hivyo. Coren aliwaandikia waamuzi wa mashindano ya utii wa mbwa Marekani na Kanada, wakamjibu karibu 200, nao wakazipanga aina hizo kutokana na walichokiona uwanjani. Kwa maelezo yake, mbwa wa kundi la juu hujifunza amri mpya kwa kurudiwa chini ya mara tano na kuitii mara ya kwanza kwa asilimia 95 au zaidi. Wa kundi la chini huhitaji kurudiwa mara 80 mpaka 100 au zaidi.

Coren mwenyewe alikuwa muwazi. Alitenga akili za mbwa mafungu matatu: ile ya silika, yaani kazi ambayo aina hiyo ilizalishwa kuifanya, ile ya kujirekebisha, yaani uwezo wa mbwa kutatua tatizo peke yake, na ile ya kazi na utii. Orodha inahusu fungu la tatu tu. Lakini orodha ni rahisi kukumbuka kuliko maelezo yaliyokuja nayo, kwa hiyo maelezo yakapotea njiani na orodha ikabaki.

Mtazame huyo wa mwisho. Afghan Hound ni mbwa wa kuwinda kwa macho. Kazi yake ilikuwa kumwona mnyama mbali, kumfukuza kwa kasi, na kuamua mwenyewe akate kona wapi, mwindaji akiwa nyuma kabisa haonekani. Mbwa wa kazi hiyo akisimama kila mara kutazama bwana wake anasemaje, windo limekwenda. Border Collie ni kinyume chake: kazi yake ya kuchunga kondoo inamtaka asikilize filimbi na sauti ya mchungaji kutoka mbali, ageuke kushoto, asimame, alale chini, tena mara moja. Ukiwapeleka wote wawili kwenye uwanja wa utii, mmoja umemwita kwenye kazi aliyozalishwa kwa ajili yake na mwingine umemwita kwenye kazi aliyozalishwa asiifanye. Kumwita wa pili mjinga ni kumwonea.

Je, aina ya mbwa basi haina maana? Ina maana, ila ndogo kuliko tunavyodhani. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022 ulikusanya majibu ya wamiliki wa mbwa zaidi ya 18,000, chotara wengi wakiwemo, na kusoma vinasaba vya zaidi ya 2,000 kati yao. Kwa wastani, aina ilieleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Jambo lililonivutia ni kwamba utayari wa kufuata maelekezo ya mtu ulikuwa miongoni mwa tabia ambazo aina inazitabiri kwa nafuu kidogo. Yaani orodha ya Coren imeshika kitu cha kweli, lakini kitu hicho ni utayari wa kuongozwa.

Kuna pia utafiti wa 2016 wa Rosalind Arden na Mark Adams. Wao waliwachukua Border Collie 68, wote wa aina moja, wakawapa mafumbo: kuzunguka vizuizi kufikia chakula, kutofautisha sahani yenye chakula kingi na yenye kichache, kufuata kidole kinachoonyesha. Waliofanya vizuri katika fumbo moja walielekea kufanya vizuri katika mengine, na wepesi walielekea pia kuwa sahihi. Hii inaashiria kwamba kuna aina fulani ya akili ya jumla kwa mbwa, kama wanasaikolojia wanavyoiona kwa binadamu. Inaonyesha vilevile kwamba hata ndani ya aina inayosifiwa kuliko zote, mbwa hawalingani. Ukinunua mtoto wa mbwa kwa sababu ya nafasi ya aina yake kwenye orodha, umenunua wastani, na wastani hauji kulala mlangoni kwako. Anakuja mbwa mmoja.

Turudi kwenye maneno, maana Chui alinifanya niyatilie shaka. Wapo mbwa wanaoelewa maneno kwelikweli? Wapo, na tunajua hivyo kwa sababu waliopimwa walipimwa kwa uangalifu. Rico alikuwa Border Collie wa Ujerumani aliyejua majina ya vitu takribani 200. Watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, katika ripoti iliyotoka Science mwaka 2004, waliviweka vitu katika chumba kimoja, Rico na mwenye mbwa wakakaa chumba kingine. Kwa hiyo alipofika penye vitu hakuwa na uso wa kuusoma wala kidevu cha kukifuata. Kisha wakafanya jambo la ustadi zaidi: waliweka kitu kipya katikati ya vile anavyovijua, na mwenye mbwa akataja jina ambalo Rico hajawahi kulisikia. Mara saba kati ya kumi Rico alikileta kile kipya. Alifikiri, kwa namna yake, kwamba hivi vingine vyote vina majina, basi jina hili geni ni la huyu mgeni. Wiki nne baadaye aliyakumbuka baadhi ya majina hayo aliyoyasikia mara moja.

Baada yake akaja Chaser, Border Collie wa mwanasaikolojia mstaafu wa Marekani, John Pilley. Kwa mafunzo ya miaka mitatu, saa nyingi kila siku, Chaser alijifunza majina ya vitu 1,022, na matokeo yakachapishwa 2011. Ninapoisoma habari hiyo, huwa naiona mikono miwili. Kuna kipaji cha Chaser, na kuna mzee aliyekaa naye sakafuni siku baada ya siku akitaja jina, akimpa kitu, akicheza nacho. Mbwa wengi wa kawaida, hata wakifundishwa, hupata shida kujifunza majina machache tu ya vitu. Kwa hiyo mbwa wako asipojua jina la mpira wake, hajafeli. Yuko pamoja na mbwa wenzake karibu wote.

Ambapo mbwa wa kawaida anang'ara ni katika kutusoma sisi. Ukificha chakula chini ya kimoja kati ya vyombo viwili kisha ukakinyooshea kidole, mbwa wengi hukifuata kidole, hata watoto wa mbwa. Brian Hare na wenzake walipowalinganisha mwaka 2002, mbwa waliwashinda sokwe katika mchezo huu, ingawa kwa mafumbo mengine mengi sokwe yuko mbali sana mbele.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote katika uwanja huu lilifanywa Budapest, Hungaria, na kundi la Ádám Miklósi, likatoka 2003. Walichukua mbwa mwitu wa Ulaya (wale wanaoitwa "wolf" kwa Kiingereza, si mbwa mwitu wa Afrika) waliolelewa na watu tangu wadogo, na mbwa wa nyumbani. Kila mmoja alifundishwa kupata nyama kwa kuvuta kamba au kufungua chombo. Kisha watafiti wakakifunga kitu kile kimyakimya, kisifunguke tena. Mbwa mwitu waliendelea kuvuta na kuguguna. Mbwa wa nyumbani walijaribu kidogo, kisha wakageuka, wakamtazama mtu usoni.

Nani ana akili zaidi hapo? Anayependa ung'ang'anizi atasema mbwa mwitu, na atamwona mbwa wetu kama aliyedekezwa. Mimi naliona jambo kwa upande mwingine. Mbwa wa nyumbani anaishi katika dunia ya vitasa, makopo yenye mifuniko na milango ya friji. Kwa dunia hiyo, chombo bora kuliko vyote ni binadamu aliye karibu, na mbwa anayejua kukitumia chombo hicho ametatua matatizo mengi kwa mtazamo mmoja. Lakini nakiri kwamba ukihesabu tu nani alikaa muda mrefu kwenye fumbo, utaandika kwamba ameshindwa. Hukumu inatoka kwenye swali, na swali tumelichagua sisi.

Swali likiulizwa kwa hisi isiyo ya mbwa, linaharibika zaidi. Mbwa hushindwa mtihani wa kioo, ule wa kumpaka mnyama alama na kuona kama ataigusa mwilini mwake akijiona kiooni. Lakini mbwa hujuana kwa pua. Mtafiti Alexandra Horowitz alipoutafsiri mtihani huo kuwa wa harufu, mwaka 2017, mbwa walikaa muda mrefu zaidi kunusa harufu ya mkojo wao ulioongezewa harufu ngeni kuliko mkojo wao wa kawaida, kana kwamba wanaona kuna kitu kimebadilika juu yao. Kwa rangi ni vivyo hivyo: macho ya mbwa hutenga vizuri bluu na manjano, ila nyekundu na kijani humchanganya. Ukitupa mpira mwekundu kwenye majani mabichi, usimpime akili kwa dakika alizouzunguka. Na mbwa mzee anayepuuza mwito, apimwe masikio kabla ya kuambiwa amechakaa akili.

Mapenzi nayo hutupotosha kwa upande wa pili. Kila mwenye mbwa anaijua ile sura: masikio yamelala, macho yanakwepa, mkia uko chini, na sahani ya mboga iko tupu. "Anajua amekosa." Horowitz aliijaribu sura hiyo mwaka 2009. Aliwadanganya wenye mbwa, wengine wakaambiwa mbwa amekula chakula alichokatazwa wakati hajala, wengine kinyume chake. Sura ya hatia haikufuata kosa. Ilifuata kukaripiwa, na mbwa wasio na hatia waliokaripiwa waliionyesha sana. Walikuwa wanajibu hasira iliyo mbele yao. Natamani habari hii ingemfikia kila mtu anayempiga mbwa kwa kosa la saa mbili zilizopita akiamini mnyama anaelewa kwa nini.

Yapo pia mambo ambayo mbwa, kwa kweli, hawayawezi vizuri. Watafiti wa Uingereza waliwapa kamba zenye chakula mwishoni. Mbwa walijifunza kuvuta kamba. Lakini kamba mbili zilipopishanishwa, wengi walivuta ile iliyokaribia chakula kwa macho, ingawa haikufungwa nacho. Uhusiano wa "hiki kimeshika kile" haukuwaingia. Stephen Lea na Britta Osthaus walipopitia tafiti zaidi ya 300 mwaka 2018, wakiwalinganisha mbwa na wanyama wala nyama wengine, wawindaji wa makundi na wanyama wa kufugwa, hawakuona kwamba mbwa ana akili ya kipekee kupita wenzake.

Ukitaka kumpima wako, basi, anza kwa kujiondoa. Chukua vikombe viwili visivyopitisha mwanga, visugue vyote nyama kwa ndani ili pua isimalize kazi. Mwache mbwa aone unapoweka kipande chini ya kimoja, msubirishe nusu dakika, kisha mtu mwingine ambaye hakuona amwachilie, wewe ukiwa umeondoka machoni pake. Badilisha upande bila mpangilio, maana mbwa wengi wana upande wanaoupenda. Rudia mara kumi, na hapa watu hujidanganya sana: mbwa anayebahatisha tu atapata sita au zaidi kati ya kumi katika zaidi ya theluthi moja ya majaribio kama hayo. Akipata tisa, hapo pana kitu, kwa sababu bahati tupu hufikia tisa au zaidi kwa takribani asilimia moja tu. Fanya hivyo siku ambayo ana njaa kiasi, hajachoka, na hakuna ngurumo wala wageni. Mbwa mwenye hofu hapimiki kwa lolote isipokuwa hofu yake. Kwa sababu hiyo siupendi mtihani maarufu wa kumfunika kichwa kwa taulo na kuhesabu sekunde hadi ajitoe. Nimeona mbwa aliyetulia kabisa chini ya taulo kwa kuwa anamwamini aliyemfunika.

Chui, kwa vikombe, alipata sita.

Nyota hakukaa kupimwa. Kwake niliambulia lango la dada yangu, lenye komeo la kuinua, ambalo Nyota alikuwa akilifungua kwa pua na kutoka. Dada alikuwa na hakika kwamba amelielewa. Mimi nilimkumbuka mbwa mwingine, Tony, wa mwanasaikolojia wa Uingereza C. Lloyd Morgan, mwishoni mwa karne ya 19. Tony naye alifungua lango kwa kuinua komeo na kichwa, na mpita njia angeapa kwamba anajua komeo linavyofanya kazi. Morgan alikuwa ameona mwanzo wake: Tony alikuwa anapenyeza kichwa kwenye nafasi mbalimbali za uzio kuchungulia barabara, siku moja kichwa kikainua komeo kwa bahati, na kwa siku nyingi baadaye majaribio ya bure yakapungua kidogokidogo. Morgan ndiye aliyetoa kanuni inayotumika mpaka leo: usimpe mnyama fikra ya juu pale ambapo maelezo ya chini yanatosha.

Mwanzo wa Nyota hatukuuona, kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa kubadilisha fumbo. Tulifunga komeo la kusukuma pembeni, tukakaa barazani. Nyota alikuja, akainua kwa pua kama kawaida. Akainua tena, mara saba au nane, mahali palepale. Akauma chuma. Kisha akakaa, akageuka, akamtazama dada yangu kwa muda mrefu. Dada hakusogea, ingawa niliona inamuuma. Kwa siku tatu ikawa hivyo, nami nikaandika kwenye daftari kwamba komeo hakuwahi kulielewa.

Siku ya nne asubuhi tulimkuta nje, amelala kivulini upande wa pili wa lango. Komeo lilikuwa limefungwa. Kwenye kona ya mbali ya uzio, palipo na udongo laini uliochimbuliwa wiki iliyotangulia kwa ajili ya bomba la maji, kulikuwa na shimo la upana wa mabega yake.